Kula Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Leo nazungumza na wale waliofanyiwa upasuaji wa tumbo ili wapungue uzito, pamoja na wale wanaowapikia.

Mwaka jana nilimtembelea mama mmoja wiki ya sita baada ya upasuaji huo. Nilikuta mama mkwe amempakulia ugali na nyama ya kukaanga, sahani imejaa. Alimeza matonge matatu, kifua kikambana, akakimbia nje kutapika. Mama mkwe akaniambia, "Sista, huyu mtoto wamemfunga tumbo, atakufa njaa." Nilimwelewa. Kwetu mtu akitoka hospitali hulishwa ashibe.

Lakini tumbo hilo si lile la zamani. Katika upasuaji unaofanywa sana siku hizi, daktari hukata na kuondoa zaidi ya robo tatu ya tumbo. Kinachobaki ni chembamba, kama ndizi. Ugali ukifika humo hushikana tena ukawa donge, nao hukwama. Chapati, mkate laini na nyama ngumu hufanya vivyo hivyo.

Kwa kawaida wiki mbili za kwanza ni vinywaji tu: supu iliyochujwa, maziwa, uji mwepesi usio na sukari. Kisha huja vyakula vilivyopondwa kwa wiki kadhaa, halafu vyakula laini. Fuata ratiba uliyopewa na daktari wako. Anza na ya kujenga mwili, yaani yai, samaki asiye na miiba, ndengu au maziwa lala, kwa sababu nafasi ni ndogo. Tumia kijiko cha chai, tafuna mpaka chakula kiwe kama uji, na mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Ukihisi kubanwa kifuani au mate yakijaa mdomoni, acha hapo hapo, hata kama kimebaki kijiko kimoja. Maji usinywe pamoja na chakula; subiri nusu saa, kisha unywe kidogo kidogo mchana kutwa. Soda na chai ya sukari nyingi zinaweza kukuletea jasho, moyo kwenda mbio na kuhara, hasa kama utumbo wako uliunganishwa upya. Vidonge vya vitamini ni vya maisha yote.

Sasa nisikilize vizuri. Kutapika mara moja kwa sababu ulikula haraka si ajabu. Kutapika siku baada ya siku si jambo la kuzoea. Mwili huishiwa na vitamini B1, miguu ikafa ganzi, macho yakaona vitu viwili viwili, akili ikachanganyikiwa, na madhara mengine hayaondoki. Maji yakikataa kukaa tumboni siku nzima, au ukipata homa, maumivu makali au moyo kwenda mbio, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukifika, sema mapema kwamba ulifanyiwa upasuaji huu, kwani ukitundikiwa maji ya glukosi kabla ya kupewa vitamini B1, hali inaweza kuwa mbaya zaidi.

Yule mama tulimwanzishia yai la kuchemsha lililopondwa na vijiko vichache vya ndengu. Nilipopita tena, mama mkwe ndiye aliyekuwa akiziponda, huku akitazama saa ya ukutani.