Utamu Kolea: Kitabu Kinasubiri Jibu Lako

Hadithi, hadithi!

Itikieni kwa pamoja, wajukuu zangu wa Arusha, wa Kijenge na wa Ngaramtoni, wa Tengeru na wa Usa River: Hadithi njoo! Uongo njoo! Utamu kolea!

Hapo sawa. Sasa, kabla sijaanza, nawauliza: neno "kolea" lina maana gani? Chumvi ikiingia vizuri kwenye mchuzi, tunasema imekolea. Rangi ikishika nguo barabara, imekolea. Hadithi nayo hukolea, na anayeikoleza si msimulizi peke yake. Zamani bibi akisema "hadithi, hadithi" na watoto wakanyamaza, alijifunga kanga yake akaenda kulala. Alijua kwamba hadithi isiyo na waitikiaji ni kama chungu kilichopikwa kikakosa walaji.

Leo nawaletea habari za vitabu vya maktaba. Navyo vinaita "hadithi, hadithi" kila siku kutoka rafuni. Vinangoja mtoto wa kuvisoma, kisha vinangoja jambo la pili ambalo wengi hulisahau: mtoto wa kuitikia.

Tuanze na mlima wetu. Asubuhi isiyo na mawingu, simama Sakina au Sanawari uutazame Mlima Meru. Utauona umechongoka, umetulia, umejifunga msitu kiunoni. Sasa panda gari uzunguke mpaka upande wa Momella na Ngare Nanyuki. Mlima ni uleule, lakini hutaamini macho yako. Upande huu umefunguka! Utaona ukuta mrefu wa mwamba, na ndani yake kilima cha majivu kimekaa kama mtoto aliyepakatwa na mama yake. Meru ni volkano. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, na mwaka 1910 mlima ulitoa majivu tena kidogo kabla ya kunyamaza hadi leo.

Mwambieni mtoto wa Sakina auchore mlima, na mtoto wa Ngare Nanyuki auchore pia. Michoro yao haitafanana, na watabishana mpaka jua lizame. Nani mwongo? Hakuna. Kila mmoja amechora alichokiona kutoka pale aliposimama, na anayetaka kuujua mlima mzima anawahitaji wote wawili. Kitabu ni vivyo hivyo. Wewe na dada yako mnaweza kusoma kitabu kimoja, yeye akaona huruma ya mama, wewe ukaona ujasiri wa mtoto. Mkikaa kimya, kila mmoja atabaki na nusu ya mlima.

Na kwa kuwa tumefika Ngare Nanyuki, ketini niwasimulie jambo la kweli kabisa, halina hata chembe ya uongo wa hadithi.

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka kwenye ardhi yao huko, ili ardhi ile wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Wazee kwa vijana wakachangishana fedha, wakamtuma mwenzao aitwaye Kirilo Japhet, ambaye wengi humwita Japhet Kirilo. Mwaka 1952 alifika New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, akaeleza yaliyowapata watu wa mlima huu. Ardhi haikurudishwa siku ile. Lakini dunia ilisikia.

Kirilo hakuishia hapo. Pamoja na Earle Seaton, mwanasheria aliyezaliwa Bermuda na kufanya kazi Moshi, aliandika kitabu kuhusu kesi hiyo ya ardhi. Kinaitwa The Meru Land Case, na kilichapishwa Nairobi mwaka 1967. Fikirini, wajukuu zangu. Wengi walioziona nyumba zile zikiungua wameshatangulia mbele za haki. Mzee akifariki, huondoka na simulizi yake. Kitabu kimebaki, na mtoto atakayezaliwa kesho chini ya migomba ya Meru anaweza kuambiwa na Kirilo mwenyewe jinsi mambo yalivyokuwa.

Mwaka huohuo wa 1967, ambao ndio mwaka wa Azimio la Arusha, tarehe 9 Desemba, Mwalimu Julius Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Maktaba hiyo na maktaba za mikoa, ikiwemo ya kwetu Arusha, zinasimamiwa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Mwalimu mwenyewe alikuwa msomaji hodari. Alisoma tamthilia za Shakespeare kwa Kiingereza, akaona haifai kuufaidi utamu ule peke yake, akazitafsiri kwa Kiswahili: moja ni Juliasi Kaizari, nyingine Mabepari wa Venisi. Mnaona? Alisoma, akaitikia.

Sasa tuingie maktaba. Usiogope ukimya wake, maana hapo ndipo watu wengi huzungumza na vitabu kwa wakati mmoja. Msalimie mkutubi. Yeye ndiye mwenyeji wako. Muulize utaratibu wa kujiunga uanachama na wa kuazima, na umwombe akuonyeshe sehemu ya watoto.

Ukifika kwenye rafu, tazama mgongo wa kitabu. Utaona namba. Hiyo ni anwani yake, kama nyumba za mtaani zilivyo na namba. Mmarekani aitwaye Melvil Dewey ndiye aliyebuni mpango huo mwaka 1876, na maktaba nyingi duniani zinautumia. Katika mpango wake, sayansi huanzia 500, na ukitaka kujua kwa nini milima kama Meru hutema moto, unatafuta kwenye 551. Historia ya Tanzania inakaa kwenye 967.8. Fasihi ya Kiswahili ina 896.392. Mtoto anayezijua namba hizi anatembea maktabani kama anavyotembea kwa bibi yake: anajua sukari iko wapi na asali iko wapi.

Nawapa na mchezo mmoja. Kigeuze kitabu utazame namba ndefu iliyo nyuma, karibu na vile vistari vyeusi. Namba za vitabu vingi vya siku hizi huanza na 978. Zikifuata tarakimu 9976 au 9987, jua kwamba kitabu hicho kimechapishwa na mchapishaji wa Tanzania. Jaribuni leo nyumbani kwa vitabu vya shule, muone ni vingapi.

Haya, umeazima kitabu, umekisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Sasa ndipo penye kazi ya kuitikia. Wakubwa huiita uhakiki. Msiliogope neno hilo, lina ndugu mnaowafahamu: haki na hakika. Basi anayehakiki kitabu anafanya mambo mawili. Anakipa kitabu haki yake, na anasema jambo akiwa na hakika nalo.

Tuchukue mfano wa jikoni. Mgeni amekula loshoro nyumbani kwenu, ukamuuliza ilikuwaje. Akisema "tamu" akanyamaza, umejifunza nini? Hakuna. Lakini akisema, "Maziwa yamegandishwa yakafikia uchachu wake, mahindi yameiva yakalainika, ila ningependa iwe nzito kidogo," hapo mama anajua amesifiwa kwa lipi na arekebishe lipi. Kwa hiyo ukihakiki, kila unapoandika "kizuri" au "kinachosha", weka mbele yake maneno mawili: "kwa sababu". Hayo mawili ndiyo chumvi ya uhakiki wote.

Mwanzoni mwa uhakiki wako andika jina la kitabu, jina la mwandishi, mchapishaji na mwaka, ili mwenzako aweze kukitafuta. Kisha eleza kwa kifupi kinahusu nini. Lakini angalieni sana: usiseme mwisho! Ukimwambia mwenzako mwisho wa hadithi, umemwibia safari yake. Halafu sema ni mahali gani palikugusa, na kwa nini. Taja kisichokupendeza pia, kwa adabu. Malizia kwa kusema ni nani atakayekifurahia: wadogo wa darasa la pili, au wakubwa wanaojiandaa kwenda sekondari?

Ngoja niwaonyeshe jinsi mimi ninavyofanya. Mchapishaji na mwaka nimeshaviandika juu ya ukurasa. Sikilizeni:

"Nimesoma Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert, mwandishi aliyezaliwa Tanga mwaka 1909. Adili ni mtu mwema, anapendwa na watu wake. Lakini ana siri. Nyumbani kwake wamefungwa manyani wawili, na kila usiku huwachapa, ingawa moyo wake unaumia. Kwa nini mtu mwema afanye hivyo? Swali hilo lilinifanya nisiweze kukiweka kitabu chini. Nimekipenda kwa sababu kinaonyesha jinsi wivu unavyoweza kuvunja nyumba, na jinsi kusamehe kulivyo kugumu. Maneno mengine ni ya zamani, nilihitaji kamusi pembeni. Nawashauri wakisome watoto wa darasa la sita na kuendelea, na wadogo wasomewe na wakubwa wao."

Basi, nimemaliza. Mmeona sikusema manyani wale ni akina nani? Mnataka kujua? Kakitafuteni kwenye 896.392!

Kuna jambo lingine ninyi watoto wa Arusha mnaloliweza kuliko watu wengi wa mbali. Mkikuta kitabu kimeandika habari za kwetu, kipimeni kwa macho yenu. Kikisema Meru ndio mlima mrefu kuliko yote Tanzania, nyanyueni mkono, maana Kilimanjaro una mita 5,895 na Meru unaufuata ukiwa na mita zaidi ya 4,500. Lakini mkikosoa, msitukane. Aliyeandika alikaa usiku na mchana akihangaika na maneno, na kosa moja halifuti kazi yote. Onyesha kosa, onyesha ukweli ulipoupata, endelea na safari.

Labda mtoto mmoja ananiambia, "Bibi, kwetu ni mbali, maktaba iko mjini." Nakusikia, mjukuu wangu. Basi sikiliza habari za Garissa, kule kaskazini mashariki mwa Kenya, kwenye jua kali na mchanga. Mwaka 1996 huduma ya maktaba ya Kenya ilianza kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia. Ngamia mmoja alibeba masanduku ya vitabu, mwingine alibeba hema, na vilipofika, watoto waliketi kivulini wakasoma. Ni kama watu wale walisema: msomaji asipoweza kukifuata kitabu, kitabu kimfuate. Nanyi fanyeni hivyo kwa namna yenu. Mmoja akienda mjini na mzazi wake kwa daladala, aazime kitabu, akirudi awasimulie wenzake uhakiki wake chini ya mti. Kitabu kimoja kikisimuliwa vizuri kinatosha kijiji kizima kwa jioni moja.

Walimu na wazazi mnaosoma haya na watoto, nina ombi dogo. Mtoto akimaliza kitabu, msimuulize tu amesoma kurasa ngapi. Muulizeni, "Umekiitikiaje?" Mpeni daftari moja la hakiki zake, na siku moja kwa juma asimame mbele ya darasa au mezani nyumbani asome alichoandika. Mkimsikiliza kama mnavyomsikiliza mgeni wa heshima, atarudi maktabani bila kutumwa.

Na waandishi wanawahitaji ninyi. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu, imekuja kuzipa nafasi hadithi za watoto pia. Atakayezisoma hadithi hizo na kusema kwa haki na kwa hakika hii imekolea na hii bado, ni nani kama si mtoto mwenyewe?

Nimewasimulia, nanyi mmenisikiliza. Sasa zamu ni yenu. Jumamosi ijayo vaeni masweta yenu, maana ukungu wa Meru hauna huruma, mwende maktaba na mzazi au kaka. Chagua kitabu kimoja. Kisome mpaka mwisho. Kisha andika mistari kumi, na katika mistari hiyo pawepo "kwa sababu". Msomee mtu mmoja unayempenda.

Hadithi imeshaitwa, wajukuu zangu. Itikieni.