Chombo cha Mtumba cha Kuchajia Gari la Umeme: Mambo ya Kupima Kabla ya Kukiamini

Mji wa Tunduma, ulioko mpakani mwa Tanzania na Zambia katika Mkoa wa Songwe, unafahamika kwa foleni ya malori na kwa magari yaliyotumika yatokayo bandari ya Dar es Salaam kuelekea Nakonde na kwingineko kusini. Sehemu kubwa ya magari hayo hutoka Japani. Miongoni mwake sasa yamo machache yasiyo na tangi la mafuta, mathalani Nissan Leaf, gari la umeme lililoanza kuuzwa mwezi Desemba 2010. Mnunuzi afunguapo buti la gari la namna hiyo, pengine hukuta waya mnene wenye kisanduku, plagi upande mmoja na kichwa kinene upande wa pili. Hicho ndicho chombo cha kuchajia nyumbani, nacho ni mtumba kama gari lenyewe.

Watu wengi hukiita chaja. Jina hilo linapotosha, na upotofu huo una hatari yake. Chaja halisi imo ndani ya gari: ndiyo inayopokea umeme wa mkondo geu kutoka nyumbani na kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu unaofaa betri. Kisanduku hakigeuzi chochote. Kazi yake ni ile ya bawabu mlangoni: kuhakikisha kuwa aliyebisha hodi ni gari, kuliarifu kiasi cha umeme linachoruhusiwa kuchukua, kisha kufungua mlango, na kuufunga papo hapo mambo yanapoharibika. Kwa hiyo, anayenunua chombo cha mtumba asitosheke kuona kwamba kinachaji. Hata chombo kibovu huweza kuchaji. Anachopaswa kukipima ni kama chombo hicho bado kina uwezo wa kukataa.

Mazungumzo baina ya kisanduku na gari hupita katika waya mwembamba wa ishara. Kabla ya kuunganishwa, kisanduku huweka volti 12 katika waya huo. Kichwa kikiingizwa garini, kikinza kilichomo ndani ya gari hushusha volti hizo hadi 9, na kisanduku hutambua kuwa gari limefika. Hapo huanza kupeleka mapigo ya umeme, mapigo 1,000 kwa kila sekunde, na upana wa kila pigo ndio ujumbe wenyewe: pigo likijaza robo ya muda wake, maana yake ni kwamba gari lisivute zaidi ya ampea 15. Gari likiwa tayari hushusha volti hadi 6, na ndipo swichi ya ndani ya kisanduku hujifunga kwa mlio mdogo na umeme mkubwa kuanza kupita. Utaratibu huu ni wa kupendeza, kwani mtoto akichezea kichwa cha waya kilicholala chini hakuna umeme wa kumdhuru. Lakini hayo ni kweli ikiwa swichi ile ya ndani bado inaachia. Katika chombo kilichotumika miaka mingi, hasa kilichozoea kung'olewa gari likiwa bado linavuta umeme, vidole vya swichi huweza kuyeyuka na kushikamana. Hapo mlango hubaki wazi daima, na mwenye chombo hajui, maana gari linachaji kama kawaida.

Kipimo chake si kigumu. Fundi umeme achomeke chombo ukutani bila kukiunganisha na gari, kisha apime kwa mita matundu makubwa mawili ya kichwani. Akikuta volti 230, chombo hicho hakifai hata kwa bure. Narudia kuwa kazi hii ni ya fundi, si ya mwenye gari.

Sharti pia tuzingatie tofauti ya umeme wa Japani na wa kwetu. Nyumba za Japani hutumia volti 100, na kwa mitambo mikubwa volti 200. Volti hizo 200 hupatikana kwa nyaya mbili, kila mmoja ukiwa na volti 100 tu kwa kulinganishwa na ardhi. Kwetu waya wa moto una volti 230 dhidi ya ardhi. Hivyo mtu aliyeguswa na waya mmoja wa chombo kilekile anapata kishindo cha volti zaidi ya mara mbili ya zile ambazo angepata Japani. Isitoshe, sheria ya Japani huruhusu umeme wa volti 200 kupanda hadi 222 na si zaidi. Wa kwetu, ukiwa katika hali yake ya kawaida kabisa, tayari umevuka hapo. Msomaji asome kibandiko kilichopo nyuma ya kisanduku. Kikiandikwa volti 200 pekee, mimi nisingekitumia. Kikitaja hadi 240 au 250, tuendelee.

Suala la ardhi ndilo lililonifanya niandike makala haya. Wakati wa likizo ya chuo nilikwenda kumsalimu ndugu yangu mmoja huko Tunduma, nikakuta amenunua gari la umeme pamoja na chombo chake. Akanieleza kwa furaha kwamba mwanzoni kisanduku kilikuwa kikiwasha taa nyekundu na kugoma, lakini fundi mmoja wa mtaani alikitibu kwa dakika tano. Nilifungua plagi. Tiba yenyewe ilikuwa kipande kifupi cha waya kilichounganisha nyutro na waya wa ethi.

Chombo kilikuwa kimesema kweli: nyumba ile haikuwa na ethi ya kuaminika. Nyumba zetu nyingi hutegemea fimbo ya chuma iliyopakwa shaba na kupigiliwa ardhini, na katika miezi ya ukame udongo ukikauka, ukinzani wa fimbo hupanda. Tuseme umefika omu 100. Waya wa moto ukigusa bodi la gari, umeme utakaokimbilia ardhini ni 230 gawanya kwa 100, yaani ampea 2.3. Hizo hazikati fyuzi ya ampea 13, wala sakiti breka. Gari limesimama juu ya mipira, kwa hiyo bodi lake litabaki na karibu volti zote 230, likimsubiri mtu wa kwanza mwenye miguu mitupu na mkono wenye maji.

Kinachookoa hapo ni pete ndogo ndani ya kisanduku. Waya wa moto na nyutro zote mbili hupita katikati ya pete hiyo. Umeme unaokwenda na unaorudi ukilingana, pete hukaa kimya. Ukipungua kidogo wakati wa kurudi, ni dalili kuwa unavuja kwingine, pengine katika mwili wa mtu, nayo hukata. Swichi za aina hii zinazowekwa majumbani kwa kawaida hukata uvujaji ukifika miliampea 30.

Sasa tazama tiba ya yule fundi ilivyoharibu mambo. Tuseme nyutro inayotoka nguzoni imekatika, jambo linaloweza kutokea usiku wa upepo. Umeme hupita katika taa na jokofu la nyumba, hufika kwenye nyutro isiyo na pa kwenda, huvuka kile kipande kifupi cha waya na kuingia katika bodi la gari. Haukupita katika pete hata kidogo. Kisanduku kimezimika, taa hazionekani, na gari zima ni waya wa moto. Bawabu amezungukwa kwa mlango wa nyuma.

Lipo pia suala la joto, ambalo huunguza nyumba zaidi kuliko linavyoua kwa kishindo. Plagi ya Kijapani haiingii katika soketi zetu, hivyo watu huikata na kufunga plagi ya kawaida ya ampea 13. Ampea 15 kwa saa saba mfululizo si sawa na pasi ya dakika kumi, na fyuzi ya ampea 13 haikatiki upesi kwa nyongeza ndogo kama hiyo. Meno ya soketi yakilegea kiasi cha kuleta ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu, joto litakalozalishwa pale ni wati 22.5. Hilo ni karibu joto la chuma cha kulehemu redio, limefungiwa ndani ya plastiki ukutani usiku kucha. Plagi ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika baada ya nusu saa, zima.

Kuhusu gharama niseme kwa ufupi. Leaf ya mwanzo ilikuwa na betri ya kilowati-saa 24, yaani uniti 24 za LUKU ilipokuwa mpya. Aliye katika kundi la matumizi madogo, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, atambue kwamba kulijaza gari mara tatu, pamoja na umeme unaopotea njiani, kunamaliza ukomo huo kabla hajawasha taa hata moja.

Kwa ndugu yangu tulimwita fundi mwenye leseni ya EWURA. Akapigilia fimbo ya pili mbali na ile ya kwanza, akavuta waya wa milimita 4 za mraba kutoka meinswichi ukiwa na sakiti breka yake ya ampea 20 na swichi ya kukata uvujaji, na mwisho wake akaweka soketi ya viwandani, ile ya buluu yenye matundu ya duara. Kibandiko cha chombo kilipofutwa vumbi kilionyesha volti 200 tu, basi ikabidi atafute kingine, na hicho kiliwasha taa ya kijani siku ya kwanza. Kile cha zamani tulikikata waya kwa koleo sehemu mbili kabla ya kukitupa, maana mpakani pale kitu kizima kilichotupwa hakikosi mnunuzi.