Kulala Mbugani: Maji, Taa na Taka ni Jukumu Lako

Kila likizo ya shule inapokaribia, vyama, vikundi vya vijana wa kanisa na familia nyingi za Kware huanza kupanga safari ya kutoka nje ya mji. Baadhi yao hutaka kulala mbugani usiku mmoja au miwili badala ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Jambo hilo linawezekana, na hata asiye na gari anaweza kulifanya. Makala haya yanaeleza utakachokikuta kambini, utakachohitaji kubeba, na makosa yanayoweza kugharimu maisha.

Nani anasimamia?

Mbuga za kitaifa husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), ambalo liko chini ya serikali ya kitaifa. Hii inajumuisha Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyo ng'ambo ya Barabara ya Mombasa kutoka kwetu, ambayo ilianzishwa mwaka wa 1946 na ndiyo ya kwanza nchini. Hifadhi kama Maasai Mara ni tofauti, kwani husimamiwa na serikali ya kaunti iliko. Kaunti ya Nairobi haitozi ada ya mbuga ya kitaifa. Ada za KWS hulipwa kupitia eCitizen, kwa hivyo usimpe mtu yeyote pesa taslimu kwa ahadi kwamba atakuwekea nafasi.

Mgeni anayelala hulipa ada ya kuingia na ada ya kambi kwa kila usiku, na gari pia lina ada yake. Viwango hubadilika, kwa hivyo viangalie kwenye eCitizen wiki ya safari yenyewe. Beba kitambulisho chako halisi, kwa maana ndicho kinachothibitisha kwamba unastahili kulipa kiwango cha raia.

Usitarajie soketi

Watu wengi wameona video za magari makubwa yenye vitanda, jiko na choo yakiegeshwa mbugani ng'ambo na kuunganishwa na umeme, maji na bomba la majitaka. Hata huko Marekani, mambo hayo si ya kila mahali. Katika mbuga ya Yellowstone, iliyoanzishwa mwaka wa 1872, ni kambi moja tu, Fishing Bridge, yenye huduma zote tatu. Isitoshe, mahema hayaruhusiwi hapo kwa sababu ya dubu.

Kwetu, hata ukija na gari la kulala, usipange safari ukitegemea miunganisho hiyo. KWS ina kambi za aina mbili. Kambi ya umma hutumiwa na wageni mbalimbali kwa pamoja na kwa kawaida huwa na choo na maji, ingawa maji hayo hukatika. Kambi maalum hukodishwa na kundi moja peke yake, tena kwa kuweka nafasi mapema, lakini haina huduma yoyote. Wengi husikia neno "maalum" wakadhani kuna anasa, kumbe hapo hata maji unajibebea.

Mahali pa kuanzia

Kwa asiye na gari, Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate karibu na Naivasha ndiyo rahisi zaidi. Ni mojawapo ya mbuga chache ambapo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli. Unapanda matatu hadi mjini Naivasha, kisha nyingine ya Barabara ya Moi South Lake hadi njiapanda ya kuelekea lango la Elsa. Kambi zake ni Naiburta, Ol Dubai na Endachata. Umeme wa mvuke umezalishwa Olkaria tangu mwaka wa 1981, miaka mitatu kabla ya mbuga hiyo kuanzishwa, lakini hautafika hemani mwako.

Wenye gari wanaweza pia kwenda Ziwa Nakuru, ambako kuna kambi ya Backpackers na ile ya Makalia karibu na maporomoko ya maji. Huko kuna simba na nyati, kwa hivyo hakuna kutembea kwa miguu nje ya maeneo yaliyoruhusiwa.

Vitu vya kubeba

• Maji. Mkaazi wa Kware aliyezoea kununua maji kwa mtungi tayari anajua hesabu hii. Kwa watu wanne na usiku mmoja, mitungi miwili ya lita 20 inatosha kunywa, kupika na kuosha vyombo. Maji ya bomba la kambi yachemshe kabla ya kunywa.

• Taa na chaji. Kila mtu awe na tochi yake. Chaji simu nyumbani na ubebe betri ya akiba.

• Moto. Usikate wala kuokota kuni mbugani. Jiko dogo la gesi ni rahisi na salama zaidi. Ukiwasha moto mahali palipotengwa, umwagie maji mpaka majivu yapoe kabla ya kulala.

• Vyombo vya kudumu. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga na maeneo mengine yaliyohifadhiwa. Chupa za maji za dukani, vikombe, sahani, vijiko na mirija ya plastiki haviruhusiwi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku kote nchini tangu Agosti 28, 2017. Mtungi au chupa ya kutumika tena haina shida.

• Gunia la taka. Taka zote mnarudi nazo, pamoja na maganda ya matunda na mifupa. Maji machafu ya vyombo yasimwagwe kwenye mto au karibu na bomba.

Mambo yanayoua

La kwanza ni jiko la makaa. Usiku mbugani huwa baridi, na kuna wanaoshawishika kuliingiza hemani ili wapate joto. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Jiko libaki nje hata kama makaa yanaonekana kuzimika, na hali ni hiyo hiyo ndani ya gari lililofungwa.

La pili ni mafuriko. Katika korongo la Ol Njorowa huko Hell's Gate, wageni walisombwa na maji ya ghafla Aprili 2012 na tena Septemba 2019, na mara zote mbili watu walifariki. Maji hayo hutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali juu ya vilima, hivyo unaweza kuwa umesimama pakavu na yakakufikia. Tukio la 2019 halikuwa hata katika msimu wa mvua ndefu. Ukiambiwa na askari wa wanyamapori au mwelekezi kwamba korongo limefungwa, usibishane naye. Hema pia lisisimamishwe kwenye mkondo uliokauka.

La tatu ni wanyama. Chakula kisilale hemani, kwa sababu harufu yake huwavuta nyani mchana na fisi usiku. Kiweke ndani ya gari, au umuulize askari mahali pa kukihifadhi. Usiwalishe nyani hata kwa mzaha. Ukitaka kwenda choo usiku, angaza tochi pande zote kwanza, na muende wawili. Nyati aliye peke yake ni hatari kuliko anavyoonekana. Rudi nyuma polepole na umpe nafasi. Watoto wasiachwe wazurure kambini giza linapoanza kuingia.

Kabla ya kuondoka

Fika langoni mapema mchana, kwa maana milango hufungwa jioni na hakuna kuzunguka mbugani usiku. Mwachie jirani au kiongozi wa kikundi majina ya mnaosafiri, jina la kambi na siku ya kurudi. Mkifika, mwombe askari wa langoni nambari ya simu ya kituo chao, na mjue mahali simu inaposhika mtandao. Nambari za dharura nchini ni 999 na 112.