KICHUPA KINACHOLINDA NYAMA YA KIKOSI



Mwaka 2020 Serikali ya nchi jirani ya Kenya iliamua kuihamishia Wizara yake ya Ulinzi Tume ya Nyama, KMC, shirika la umma lililoundwa mwaka 1950 na lenye machinjio makubwa Athi River. Uamuzi huo ulizua mabishano, nasi hatuyaingilii. Lakini unatukumbusha jambo linalomhusu kila mpiganaji na kila askari polisi: nyama ya bwalo haifiki salama pasipo chumba baridi.

Katika vyumba baridi vingi, vikiwamo vidogo vya makambini, mna vali inayopima kiasi cha majimaji ya kupozea yanayoingia kwenye mabomba ya ubaridi. Vali hiyo huongozwa na kichupa cha shaba, kilichofungwa juu ya bomba linalorudisha gesi kwenye kompresa. Gesi inayorudi ikizidi joto, kichupa huisukuma vali ifunguke. Ikipoa, vali hujibana.

Kichupa hicho kikilegea, hupima joto la hewa badala ya joto la bomba. Vali hufunguka kupita kiasi, na majimaji ambayo hayajageuka gesi huifikia kompresa. Kompresa imeundwa kushindilia gesi, na majimaji hayashindiliki. Huyaosha mafuta ya kulainisha, huvunja vali za ndani, na mtambo ulionunuliwa kwa fedha za kigeni ukafa kwa kukosa mkanda mmoja.

Kwa hiyo bomba husuguliwa kwanza mpaka ling'ae. Kichupa hufungwa kwenye sehemu iliyonyooka na kulala sawa, karibu na mahali gesi inapotoka kwenye mabomba ya ubaridi, kwa mikanda ya chuma iliyokazwa, si kwa kamba wala waya wa kuokota. Kwenye bomba jembamba, lisilofika milimita 22, hukaa upande wa juu. Kwenye bomba nene hukaa ubavuni kuelekea chini, pale mkono mfupi wa saa unapoelekea ikiwa saa kumi au saa mbili. Chini kabisa ni mwiko, kwani huko hupita mafuta, nayo hukipotosha kichupa. Penye kijibomba cha kusawazisha shinikizo, kichupa hutangulia na kijibomba hufuata, upande wa kompresa. Mwisho, kichupa hufunikwa vizuri kwa kizuia joto.

Wako mafundi ambao, wakiona barafu imetanda hadi kwenye kompresa, huanza papo hapo kuzungusha skrubu ya vali. Wangekishika kichupa kwanza. Kama kinacheza mkononi, skrubu haina kosa.