Homa inayokuja kisha kazi ya sudire



Kamyo ya zamani haifi upesi. Kutu inakula chini ya mlango, halafu sakafu ya kabini, mpaka dereva anaona barabara kati ya miguu yake. Ndipo siku ya Mungu fundi anakata kipande cha lata ya nyumba na kukiunga kwa sudire uani. Usiku ule ule anatetemeka kwa baridi, kichwa kinauma, kifua kinabana, mdomoni ladha ya chuma. Bibi anasema ni malaria, wanatafuta dawa sokoni.

Lata ile imepakwa zinki ili isishikwe na kutu. Zinki tunaijua: inatoka Kipushi, mgodi uliofunguliwa mwaka 1924, ukasimama 1993, ukaanza tena kutoa madini 2024. Chuma kinataka moto wa digri karibu 1.500 ili kiyeyuke, lakini zinki inachemka kwa digri 907 tu. Basi mbele chuma kiyeyuke, zinki imekwisha kupanda kama moshi mweupe, na fundi ameinama juu yake. Homa inakuja masaa 4 hadi 10 kisha kazi. Kwa kawaida inakwisha kwa siku moja ao mbili.

Malaria inataka siku 7 ao zaidi tangu mbu kuuma. Lakini mtu asijiamulie mwenyewe, maana pengine malaria ilikuwa tayari damuni alipowasha sudire. Aje dispanseri, damu ipimwe, na aseme wazi: « Jana nilisudire lata. » Neno hilo wengi wanalificha, wakifikiri kazi ya nyumbani haituhusu. Inatuhusu.

Mafundi wengine wanakunywa maziwa ili kujikinga. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni. Moshi unakwenda mapafuni. Kitambaa puani nacho hakiuzuii.

Afazali kutumia tole nyeusi, isiyo na zinki. Kama hakuna, tosha zinki kwa tupa, pande zote mbili, kadiri ya vidole vitatu toka mahali pa kuunga. Rangi ya zamani pia itoshwe, kwa kulowesha maji, si kwa kuichoma, maana inaweza kuwa na risasi. Fanya kazi nje, upepo ukipita ubavuni. Tanki la mafuta liwekwe mbali: hata likiwa tupu, mvuke wake unalipuka.

Na watoto! Wanapenda kutazama ule mwangaza. Usiku macho yanauma kama yana mchanga. Msitie maziwa ya mama wala maji ya majani. Mleteni mtoto kwetu.

Buloni za zamani zenye rangi ya dhahabu msizichome, pengine zimepakwa kadmi. Moshi wake unaanza kama homa ya zinki, lakini unaharibu mapafu na unaweza kuua. Kwa hiyo, pumzi ikizidi kuwa ngumu ao homa ikipita siku mbili, msingoje asubuhi. Mlango wa hospitali uko wazi usiku.