Mapishi Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Ndugu msomaji, wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Sisi wa kikundi chetu cha kisomo, huku Kanda ya Ziwa, tumeongeza neno: hata mapishi. Tulijifunza hivyo kwa maandazi. Tulikosea, na kosa letu nusura limfanye jirani yetu ang'oe shamba zima la viazi. Hebu tukueleze tangu mwanzo.

Viazi lishe ni viazi gani?

Huku kwetu viazi vitamu ni chakula cha siku zote. Tunavichemsha. Tunavikata vikiwa vibichi na kuvianika, tunapata michembe. Au tunavichemsha kwanza, kisha tunavikata na kuvianika, tunapata matobolwa. Lakini viazi tulivyozoea ni vyeupe ndani. Kiazi cheupe kinashibisha na kutia nguvu, ila vitamini A karibu hakina.

Viazi lishe vina rangi ya karoti ndani. Rangi hiyo ndiyo dalili ya kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Mtoto asiyepata vitamini hii ya kutosha huugua mara kwa mara. Macho yake hukauka. Jioni giza likiingia hujikwaa, hakioni kigoda wala mlango, na mwishowe anaweza kupofuka kabisa. Kiazi lishe kimoja kidogo, cha kama gramu 125, kinaweza kumtosheleza mtoto mdogo vitamini A ya siku nzima.

Sasa je, kama ni vizuri hivyo, mbona si kila mtu analima? Jibu ni mdomo. Watu wazima wa huku hupenda kiazi kikavu, chenye unga, kinachokaba kidogo. Viazi lishe vya mwanzo vilikuwa na majimaji. Watafiti walifanya kazi ya miaka mingi kupata mbegu zenye rangi ile na zenye unga pia. Mmoja wao ni Robert Mwanga wa Uganda. Mwaka 2016 yeye na wenzake watatu walipewa Tuzo ya Chakula Duniani, kwa kazi ya kuongeza lishe katika mazao. Kumbe hata wataalamu hawawezi kuushinda mdomo wa mlaji. Lazima waonjeshe kwanza.

Jaribio letu la kwanza

Bwana shamba alituletea marando, tukapanda, tukavuna. Watoto walivipenda viazi vile siku ile ile. Wazee walivisogeza pembeni ya sahani. Basi tukasema, tuvitie kwenye maandazi, maana andazi halikataliwi na mtu. Tena unga wa ngano tunaununua dukani, lakini kiazi kinatoka shambani. Tukitia kiazi tutaokoa na fedha.

Tulikusanyika nyumbani kwa mwenzetu mmoja. Tukachemsha viazi, tukaponda, tukachanganya na unga. Huyu akaongeza maji, yule akaongeza unga, mwingine akatia sukari bila kumwuliza mtu. Maandazi yakatoka mazuri ajabu! Yalikuwa laini, na rangi yake kama ya dhahabu. Tulikula, tukacheka, tukaagana.

Kesho yake jirani alisikia sifa. Akatuuliza, "Mlipikaje?" Tukamjibu kwa mdomo tu, "Chemsha, ponda, changanya na unga, kaanga." Akaenda akapika kwa ajili ya wageni wake.

Lo! Jirani alitia maji kama alivyozoea kutia kwenye maandazi ya siku zote. Unga ukawa kama uji. Akaongeza unga, ukawa bado unanata. Akaongeza tena, mpaka akamaliza unga wote uliokuwamo ndani. Alipokaanga kwa moto mkali, maandazi yaliungua nje na ndani yakabaki mabichi. Unga ulipotea, mafuta yalipotea, na aibu ya wageni ikabaki. Alikasirika akasema, "Viazi hivi ni vya kudanganyana. Kesho nang'oa marando yote nawapa mbuzi."

Tulikwenda kumwomba radhi. Akatuuliza swali moja tu, "Mlitia unga vikombe vingapi?" Tukatazamana. Hakuna aliyejua! Watu kumi na wanne, wote tunajua kusoma na kuandika, na hakuna hata mmoja aliyeandika neno. Tulimwomba asubiri juma moja kabla ya kuwapa mbuzi marando. Akakubali shingo upande.

Tukarudi kwenye daftari

Mzee mmoja wa kikundi chetu alitukumbusha mambo ya mwaka 1975. Mwaka ule ilikuwapo kampeni ya Chakula ni Uhai nchini Tanzania. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakajadiliana. Mzee akasema, "Sisi siku zile tulisoma ili tutende. Ninyi mmetenda, na sasa hamna cha kusoma." Maneno yale yalituingia.

Tukanunua daftari. Tukachagua mwandishi mmoja na kikombe kimoja cha chai, na tukapiga marufuku kutumia kikombe kingine. Kisha tukaweka sharti: kila jaribio libadilishwe kitu kimoja tu. Ukibadilisha unga, maji na moto kwa siku moja, andazi likiharibika hutajua mchawi ni nani.

Tulijaribu mara tatu, kila mara kwa kipimo kidogo ili hasara isiwe kubwa.

Mara ya kwanza tulitia unga kikombe 1 na kiazi kilichopondwa kikombe 1. Donge lilinata mikononi, na maandazi yakanywa mafuta mengi.

Mara ya pili tulitia unga vikombe 3 na kiazi kikombe 1. Maandazi yalisimama vizuri, lakini rangi ilikuwa hafifu na ladha ya kiazi haikusikika.

Mara ya tatu tulitia unga vikombe 2 na kiazi kikombe 1. Hapo tukapata tulichokitaka. Pale tulipozoea kutia unga vikombe 3, sasa tunatia 2.

Tuliwapa watoto na wazee waonje bila kuwaambia yapi ni ya kipimo gani. Hilo ni muhimu. Ukimwambia mtu, "Haya ndiyo mazuri," atakuitikia kwa adabu tu.

Namna ya kupika

Vifaa: unga wa ngano vikombe 2, kiazi lishe kilichopondwa kikombe 1, sukari vijiko 2 vya chakula, hamira kijiko 1 cha chai, chumvi kidogo, maji kidogo ya vuguvugu, na mafuta ya kukaangia.

1. Osha viazi, uvichemshe na maganda yake huku sufuria imefunikwa. Ukivimenya na kuvikatakata kwanza, vitakunywa maji na donge litalegea.

2. Menya vikiwa bado vya moto, uponde mpaka viwe laini. Toa nyuzinyuzi.

3. Acha vipoe. Hapa ndipo wengi hukosea. Hamira ni kitu chenye uhai, na ikikutana na kiazi cha moto hufa. Ikifa, maandazi hayaumuki. Bonyeza kwa kidole. Kama kidole hakiungui, endelea.

4. Changanya unga, sukari, chumvi na hamira, kisha tia kiazi. Kanda kwanza bila maji, kwa sababu kiazi kina maji yake. Likiwa kavu, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Sisi tulitumia vijiko 4 tu. Viazi vyako vikiwa na majimaji, huenda usihitaji hata kimoja.

5. Funika, acha liumuke kama saa moja. Sukuma, kata, acha yapumzike kidogo.

6. Kaanga kwa moto wa wastani. Kiazi kina sukari yake, na sukari huungua upesi. Moto mkali utakufanyia yale yaliyomkuta jirani yetu.

Kiazi kilichopondwa kitumie siku ile ile, maana kikilala huchacha.

Tusidanganyane

Andazi hili si dawa. Limechanganywa na unga wa ngano, tena likipita kwenye mafuta ya moto sehemu ya vitamini hupotea. Limetusaidia kuwazoesha wakubwa na kuokoa unga. Kwa mtoto, kiazi kilichochemshwa ndicho bora. Mtoto aliyetimiza miezi 6 mpondee kiazi lishe, utie mafuta kidogo ya kula, au karanga zilizosagwa laini kabisa. Mwili hauwezi kuichukua vizuri vitamini A bila mafuta. Chini ya miezi 6, maziwa ya mama pekee yanatosha.

Jambo jingine ni michembe. Ukianika viazi lishe kwenye jua kali na kuviweka ghalani miezi mingi, sehemu kubwa ya vitamini hupotea. Michembe itashibisha, lakini usiitegemee kwa macho ya mtoto. Na matone ya vitamini A yanayotolewa kliniki yasiachwe eti kwa sababu nyumbani kuna viazi. Ukimwona mtoto anapapasa jioni, usianze kujaribu mapishi. Mpeleke zahanati mara moja.

Kumgawia mwenzako

Juma lilipokwisha tulikwenda kwa jirani na daftari. Hatukumpikia. Tulikaa, yeye akasoma kwa sauti na kupika kwa mikono yake. Tulikuwa tumeandika mpaka makosa: "Usitie maji kwanza. Tulitia, tukaharibu." Alipofika hapo akacheka, akasema, "Kumbe hata ninyi!" Maandazi yake yakaumuka. Akatuambia kwamba kwenye mafuta yake, maana jiko lake ni la mafiga, ilimbidi aondoe kuni mbili. Mwandishi wetu akaliandika na hilo. Marando hayakuliwa na mbuzi. Msimu uliofuata alitugawia mbegu sisi ambao yetu ilikauka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipata pishi jipya, andika mambo manne: ulitumia nini na kiasi gani, ulifanya nini kwanza na nini baadaye, nini kiliharibika, na walaji walisemaje. Ukiandika yaliyofanikiwa tu, mwenzako atalipa tena hasara uliyokwisha kuilipa wewe. Na mwonja asali haonji mara moja. Usimsifie jirani kitu ulichokipika siku moja tu kwa bahati.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kwa nini jirani yetu aliharibu unga, ingawa alifuata yote tuliyomwambia?

2. Kwa nini ni vizuri kubadilisha kitu kimoja tu katika kila jaribio?

3. Ni chakula gani kijijini kwenu ambacho wazee wanajua kukipika, lakini hakuna aliyekiandika? Nani kati yenu atakwenda kuuliza kesho, akiwa na kikombe na daftari?