Glakoma: Tuilinde Nuru ya Macho Tuliyokirimiwa



Kila mwaka, mwezi Machi, ulimwengu huadhimisha Wiki ya Glakoma, na mara nyingi wiki hiyo huangukia ndani ya Kwaresima. Katika Mwaka A wa liturujia, Dominika ya Nne ya kipindi hicho hutusomea Injili ya mtu aliyezaliwa kipofu, ambaye Bwana alimtuma akanawe katika birika la Siloamu. Ni wakati mwafaka wa kutafakari nuru ya imani. Ni wakati mwafaka pia wa kuwajibika kwa nuru ya macho ya mwili, ambayo baadhi yetu tunaipoteza pasipo kujua.

Glakoma ni nini?

Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, ni ugonjwa unaoharibu neva inayopeleka taarifa kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Ndani ya jicho hutengenezwa maji maangavu, yasiyo machozi, ambayo hulisha jicho na kulipa umbo lake, kisha hutoka kupitia vijia vyembamba. Vijia hivyo vikizuiwa, maji hukusanyika, presha hupanda na neva huumia. Neva hiyo ina nyuzi zaidi ya milioni moja, na zilizokufa hazifufuki.

Tusiichanganye na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu katika lenzi. Huondolewa kwa upasuaji na mgonjwa huona tena. Katika glakoma, uoni uliopotea haurudi, na tiba hulinda ule uliobaki tu. Mzee anayekaa nyumbani akidhani anasubiri mtoto wa jicho akomae ndipo apelekwe hospitali, huenda kila mwezi anapoteza kisichoweza kurudishwa. Tusiichanganye pia na presha ya damu: mtu mwenye presha ya damu iliyo sawa aweza kuwa na glakoma.

Kwa nini hatuigundui mapema?

Aina iliyoenea zaidi kwetu haiumi wala haifanyi jicho kuwa jekundu. Huanza kula uoni wa pembeni, na jicho moja hufidia upungufu wa jingine. Mgonjwa aweza kuendelea kusoma Misale vizuri, huku akijikwaa kwenye mabenchi ya kanisa, akigonga watu sokoni au akishindwa kuona pikipiki inayotoka ubavuni. Wapo wanaomdhania mzee wa namna hiyo kuwa amelewa au ana kiburi kwa kutoitikia salamu. Kumbe haoni.

Walio katika hatari zaidi ni wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, watu wenye asili ya Kiafrika, wenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua, wenye matatizo makubwa ya kuona mbali, na waliowahi kuumia jicho. Tunawaonya kwa namna ya pekee wanaonunua dukani dawa za matone zenye steroidi ili kutuliza mwasho, kisha wakazitumia kwa miezi bila usimamizi wa daktari. Dawa hizo zaweza kupandisha presha ya jicho, hata kwa watoto.

Ziko pia aina zinazotaka haraka. Jicho likiuma ghafla kwa ukali, likawa jekundu, uoni ukafifia, kukawa na kichwa kuuma na kutapika, au mgonjwa akaona duara za rangi kuzunguka taa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto mchanga mwenye macho makubwa kupita kawaida, yenye ukungu, yanayotoa machozi na kukimbia mwanga, naye asicheleweshwe.

Zahanati yaweza kufanya nini?

Mhudumu wa afya wa ngazi ya msingi anao uwezo mkubwa wa kuokoa. Aulize habari za ukoo. Apime uoni wa kila jicho peke yake kwa chati ya herufi. Akae uso kwa uso na mgonjwa, amfunike jicho moja, kisha asogeze vidole kutoka pembeni aone vinaonekana lini. Amulike mboni kwa tochi, aangalie kama zote mbili zinasinyaa sawasawa. Pakiwa na kifaa cha kutazama ndani ya jicho, achunguze neva. Presha ya kawaida ya jicho huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Lakini wapo wanaougua wakiwa ndani ya kiwango hicho, hivyo kipimo cha presha peke yake hakitoshi. Akiwa na shaka, atoe rufaa kwa daktari wa macho, na familia isiifungie karatasi ya rufaa kabatini.

Tiba ni agano la kila siku

Tiba hushusha presha kwa matone, kwa mionzi ya leza au kwa upasuaji. Utafiti uliofanyika katika Hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021, ulilinganisha leza na matone ya timolol: baada ya mwaka mmoja leza ilifaulu katika asilimia 61 ya macho, na matone katika asilimia 31. Basi tumwulize daktari kama leza inapatikana na inatufaa.

Anayetumia matone avute kope ya chini, adondoshe tone moja, afumbe jicho na kubonyeza kona iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Akiwa na dawa mbili, asubiri dakika tano kati yake. Mwenye pumu au mapigo ya moyo ya polepole amweleze daktari kabla ya kupewa timolol, kwa kuwa yaweza kumdhuru.

Wajibu wetu kama waamini

Wapo wanaoacha dawa kwa sababu wameombewa, au kwa sababu wamefunga. Wapendwa, dawa haivunji mfungo wa Ekaristi; Sheria ya Kanisa, kanuni ya 919, inaruhusu maji na dawa. Wala sala haishindani na tiba. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatufundisha kumheshimu tabibu kama mtumishi wa Mungu. Asiyehisi maumivu asidhani amepona, kwa maana ugonjwa huu hauumi hata unapoendelea kuharibu.

Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, tuwaulize wazee wetu kama wanaona vizuri pembeni. Tuwasindikize kliniki, tuchangie nauli na dawa pale mmoja anapokwama. Aliyegunduliwa awaambie watoto na ndugu zake wakapimwe, bila aibu. Na waliokwisha kupoteza uoni tusiwaache nyuma: tuwashike mkono, tuwasomee Neno, tuwape nafasi katika maisha ya parokia.

Mtakatifu Lusia, msimamizi wa wenye magonjwa ya macho, atuombee.